Hawa Wanamlilia Nani? Black Star wa Tanga, Black Star wa Brooklyn, na mdundo wa kuazima

Hotuba hii niliitoa Jumamosi jioni hapa Tanga, mbele ya vijana wa studio, wachanaji na washairi. Mliokosa mliniomba niiweke yote, nami nimeiweka. Picha nilizoonyesha ukutani sikuziweka. Maneno ni yaleyale.

Shikamooni wazee wangu. Vijana wangu, hamjambo? Wa nyuma mnanisikia? Haya, sogeeni, viti vya mbele bado vipo.

Naanza na swali jepesi. Nikisema Black Star, nani hapa anaijua? Nyoosheni mikono.

Naona mikono ya wazee ndiyo iliyotangulia, na ni haki yao. Black Star Musical Club lilikuwa kundi la taarabu la mji huu. Gitaa la umeme, besi, ngoma, na sauti ya Bi Shakila. Kuna watu humu ndani waliolelewa na sauti ile, mama anafua uani na redio ipo dirishani. Kwa hiyo wazee, msiwe na wasiwasi, sijaja kuwanyang'anya jina lenu. Nimekuja kuwasimulia habari za Black Star wa pili, na jinsi walivyoingia kwenye nyumba ya baba yangu mkubwa, mtaa wa Ngamiani hapa Tanga, mwaka 1999.

Binamu yangu mmoja alikuwa baharia. Alirudi safari na kaseti ya dakika 90, ameandika juu yake kwa kalamu ya wino, herufi kubwa: BLACK STAR. Baba mkubwa akaiona mezani. Akafurahi! Akaipuliza vumbi, akaiweka kwenye redio, akakaa kitako akingoja taarabu. Ikatoka ngoma nzito, na vijana wawili wanahesabu kwa Kiingereza: moja, mbili, tatu.

Mimi nilikuwa mlangoni. Nikajua sasa hivi ataizima. Hakuizima. Alisikiliza ameinamisha kichwa, mpaka kibwagizo kikarudi mara ya pili. Kiingereza chake ni cha bandarini, cha kuhesabia magunia, maneno yale hakuyashika. Lakini aliniangalia akaniuliza: "Hawa wanamlilia nani?"

Ndugu zangu, hilo ndilo swali lililonileta hapa leo. Wanamlilia nani? Mzee ambaye hakuelewa mstari hata mmoja alisikia kilio ndani ya mdundo, na mimi niliyekuwa nikitingisha kichwa mlangoni sikusikia kitu. Imenichukua miaka kulijibu swali lile. Baba mkubwa yupo hapa safu ya mbele, na udi wake miguuni. Baba mkubwa, niwie radhi, leo nitakusimulia mbele ya watu.

Kwanza, wale vijana ni nani. Ni wawili, wote wa Brooklyn, New York. Mmoja ni Mos Def, siku hizi anaitwa Yasiin Bey. Wa pili ni Talib Kweli. Hebu lisemeni jina hilo kwa sauti. Talib Kweli! Twalib mnao mitaani kwenu, ni jina la Kiarabu, maana yake mwenye kutafuta, mwanafunzi. Na Kweli? Kweli ni kweli. Ni neno letu. Kijana aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1975 alipewa na wazazi wake jina la Kiswahili. Zile ndizo zama ambazo Wamarekani weusi walikuwa wakija kwenye lugha yetu kama mtu anayekwenda kisimani. Kwanzaa, sikukuu yao, ilikuwa imeanzishwa mwaka 1966, na siku zake wanaziita umoja, ujamaa, kuumba, imani. Mwaka mmoja tu kabla kijana huyo hajazaliwa, 1974, Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika ulifanyika Dar es Salaam. Kwa hiyo mkimsikia anataja jina lake katika kibwagizo, jueni kuna kipande chenu mle.

Kila mmoja alikuwa na njia yake. Mos Def alishasikika na kundi la De La Soul, Kweli alikuwa na kundi lake na mtayarishaji Hi-Tek wa Cincinnati. Wangeweza kwenda kila mtu na albamu yake. Wakaamua kutanguliza ya pamoja, na mwaka 1998 ikatoka kwa lebo ya Rawkus. Jina la kundi wakalichukua kwa Marcus Garvey, Mjamaika aliyeanzisha kampuni ya meli mwaka 1919, Black Star Line. Hisa moja dola 5, ili hata mpishi na mfua nguo wa Harlem amiliki kipande cha meli. Kampuni ile ilisimama mwaka 1922, meli zake mbovu, madeni mengi, lakini jina halikuzama.

Na wimbo wao wa kwanza kama kundi ni huo uliotoka kwenye redio ya baba mkubwa. Unaitwa "Definition". Fasili. Hi-Tek ndiye aliyeupika, na mdundo wake umesampwa, yaani umekatwa kutoka rekodi ya mtu mwingine. Umeazimwa.

Umeazimwa kwa nani? Sasa tulieni, maana safari ni ndefu.

Mdundo umetoka kwa Boogie Down Productions, kundi la Bronx, New York hukohuko, kwenye wimbo "Remix for P Is Free" wa mwaka 1987. Na hao Bronx waliupata wapi? Waliupata kwa Yellowman, mwimbaji wa Kingston, Jamaika, aliyetamba mwanzoni mwa miaka ya 80 na wimbo ambao jina lake lazima nilisome polepole: "Zungguzungguguzungguzeng". Mnacheka! Chekeni, hata mimi nilipoliona mara ya kwanza nililisoma kwa Kiswahili. Zungu-zungu. Kizunguzungu. Yellowman hakuwa akisema Kiswahili, kwake ulikuwa mchezo wa ulimi. Lakini sikio la Mswahili likisikia vile linajua kuna kitu kinazunguka, na kweli kinazunguka. Maana Yellowman naye hakuanza. Chini ya sauti yake kuna mdundo wa Alton Ellis, wimbo "Mad Mad", uliorekodiwa Studio One, Kingston, mwaka 1967. Kule Jamaika mdundo ukishapendwa unapewa jina, unakuwa mali ya kijiji, kila mwimbaji anapanda juu yake na maneno yake.

Kingston 1967. Kingston tena, miaka kumi na tano na ushee baadaye. Bronx 1987. Brooklyn 1998. Ngamiani 1999, kwenye redio ya mzee aliyekuwa akingoja taarabu!

Niwaambie kidogo juu ya Yellowman, maana nchi hii inamhusu. Ni mtu mwenye ualbino. Alilelewa kwenye nyumba za yatima Kingston, akapita Alpha Boys, shule ya watoto wasio na kwao ambayo imewatoa wanamuziki wengi. Kule mitaani aliitwa kila jina la kumdhalilisha. Yeye akalichukua lile la rangi yake, akalifanya jina la jukwaani, akapanda mbele ya watu na kujisifu kuwa ni mzuri, anapendwa na wanawake. Katikati ya miaka ya 80 akapata saratani ya taya, akapasuliwa, uso ukabaki umepinda, akarudi jukwaani. Sisi tunajua watu wenye ualbino wamefanyiwa nini katika nchi hii. Tunajua wamekatwa viungo, tunajua kuna watoto wamelala kwa hofu. Basi kila mkiusikia mdundo wa "Definition", jueni umepita kwenye koo la mtu kama wao. Binafsi siwezi kuusikia tena bila kumwona.

Na kuzunguka huku ndiko kulikozaa hip hop yenyewe. Tarehe 11 Agosti 1973, Bronx, namba 1520 Sedgwick Avenue, kijana aliyezaliwa Kingston, DJ Kool Herc, alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake. Alikuwa ameona kwamba watu wanalipuka pale waimbaji wanaponyamaza na kuiacha ngoma peke yake. Kipande hicho ni sekunde chache tu. Basi akawa na santuri mbili za wimbo uleule. Hii ikifika mwisho wa kipande, anaivusha ile nyingine mwanzo wake, halafu anairudisha hii. Huku na huku. Aliupa mtindo huo jina la pembea ile ya watoto inayozunguka. Kila mnapokaa kwenye kompyuta mkabonyeza kitufe cha kurudia, mkono wenu unafanya kazi ya Herc.

Baadaye zikaja mashine za kunasa na kurudia vipande. Ile iliyotawala mwishoni mwa miaka ya 80, SP-1200, ilikuwa na nafasi ya sekunde 10 tu za sauti. Kumi! Simu zenu zinabeba siku nzima. Watu wakawa wanapiga santuri kwa mwendo wa kasi ili kipande kiingie kwa muda mfupi, halafu wanakirudisha polepole ndani ya mashine. Sauti ikatoka na mikwaruzo, mizito, ya vumbi. Uhaba ule uliwalazimisha kuchagua. Mwenye sekunde kumi hachukui ovyo.

Haya. Turudi kwenye swali la mzee. Wanamlilia nani?

Boogie Down Productions walikuwa KRS-One na Scott La Rock. KRS-One hakuwa na nyumba, alikuwa akilala kwenye makazi ya wasio na pa kwenda, Bronx. Scott La Rock alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii palepale, na usiku ni DJ. Mwenye kazi na asiye na kitanda wakawa kundi. Mwaka 1987 wakatoa albamu yao, na kwenye jalada wamekaa na bunduki. Ndani ya albamu hiyo ndimo ulimo ule mdundo. Na niseme ukweli, vijana, maneno ya wimbo ule si ya kuyarudia mbele ya mama zetu. Ni habari chafu za mtaa ulioliwa na madawa ya kulevya.

Mwezi Agosti mwaka huohuo kulitokea ugomvi. Kijana mdogo wa kundi lao, D-Nice, alikuwa akitishwa na watu. Scott La Rock akasema twendeni tukayamalize kwa maneno. Alikwenda kusuluhisha! Akapigwa risasi akiwa ndani ya gari, akafa tarehe 27 Agosti 1987. Alikuwa na miaka 25.

KRS-One akabaki peke yake na jina la kundi. Angeweza kulipiza kwa mashairi, na mtaa ungemshangilia. Mwaka 1988 akatoa wimbo "Stop the Violence", acheni ukatili, na kibwagizo chake kinaanza kwa kuhesabu: moja, mbili, tatu, halafu jina la kundi. Mwaka 1989 akawakusanya wakali wa New York, Public Enemy, MC Lyte, Kool Moe Dee, Heavy D na wengine, wakarekodi pamoja "Self Destruction", kujiangamiza, na mapato yakaenda kwa jumuiya ya kuwasaidia watu weusi wa mijini.

Je, watu waliacha? Hawakuacha. Septemba 1996, mchanaji 2Pac akauawa kwa risasi Las Vegas. Machi 1997, mchanaji mwenzake Biggie, kijana wa Brooklyn, akauawa kwa risasi Los Angeles. Mmoja alikuwa na miaka 25, mwingine 24. Nakumbuka hapa Tanga vijana walivyovaa fulana zao, tukabishana vijiweni nani zaidi, kana kwamba ni mechi ya Coastal na Sports.

Mwaka mmoja na nusu baada ya Biggie kuzikwa, vijana wawili wa mji wake wanatafuta wimbo wa kujitambulishia duniani. Wanachukua nini? Sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo nilipochelewa miaka mingi. Wanachukua vitu viwili kutoka nyumba moja. Mdundo ni wa 1987, wakati Scott La Rock yu hai. Kibwagizo ni cha 1988, wakati Scott La Rock yupo kaburini. Mdundo wa kabla ya msiba, kibwagizo cha baada ya msiba, wamevifunga pamoja. Halafu wanahesabu kama KRS-One alivyohesabu, moja, mbili, tatu, wanataja majina yao, na zamu inayofuata wanahesabu tena na kusema kwamba kazi ya kuchana imekuwa ya hatari, kwamba 2Pac na Biggie wamepigwa risasi.

Kwa hiyo, baba mkubwa, hilo ndilo jibu lako. Wanamlilia Scott La Rock ndani ya mdundo, na 2Pac na Biggie ndani ya maneno. Ulisikia matanga matatu kwa mara moja.

Wangeweza kuchukua mdundo mtamu zaidi? Upo mwingi. Walichukua wenye historia ya damu na ya kukataa damu. Aliyekuwa akiijua nyumba ile ya Bronx, sekunde ya kwanza tu alishajua anaitwa kwenye matanga. Asiyeijua alicheza. Na hata aliyecheza, kama yule mzee wa Ngamiani, kitu kilimgusa.

Sasa kuna watakaosema, na nimewasikia humu humu Tanga, kwamba kusampo ni uvivu. Kwamba asiyeweza kutunga ndiye anayeazima. Washairi wangu, ninyi mnaotoka shule ya Shaaban Robert, nataka niwaulize ninyi. Takhmisi ni nini?

Naam. Mzee wangu pale amejibu. Takhmisi ni kuchukua beti za mshairi aliyekutangulia, vipande vyake viwili ukaviacha kama vilivyo, ukatanguliza vipande vyako vitatu kwa vina vyake yeye, ubeti ukawa wa mistari mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa visiwa vya Lamu, mwenye Al-Inkishafi, alifanya hivyo kwa shairi la Fumo Liyongo. Liyongo anasema mwisho wa kila ubeti, na Sayyid Abdallah anamwandalia njia. Nani aliwahi kumwita Sayyid Abdallah mvivu? Nani aliwahi kumwita mwizi? Kwanza ni kazi ngumu kuliko kutunga peke yako, maana umejifunga kwa vina vya mtu, na msomaji ana kipimo mkononi. Mistari yako ikipwaya, itaonekana palepale, imekaa kando ya mistari ya Liyongo.

Ndivyo ninavyoisikia "Definition". Ni takhmisi. Wa mwanzo wameachwa wasikike, waliofuata wametanguliza yao, na ubeti umekuwa mmoja. Wenyewe walilijua hilo vizuri, maana kwenye albamu ileile kuna wimbo mwingine, "Children's Story". Mos Def amechukua kisa cha mchanaji Slick Rick cha mwaka 1988, kisa cha kijana mwizi, akakigeuza kikawa kisa cha mtayarishaji anayekwapua nyimbo za watu kwa ajili ya pesa tu. Albamu iliyojaa kuazima, inamkemea mwazimaji asiye na adabu! Kwangu mimi huo ndio wimbo mkali zaidi wa albamu kwa akili, ingawa "Definition" ndio ninaoupenda kwa moyo.

Maana wapo wasio na adabu, na wengine nyimbo zao zilitufikia. Mnaikumbuka "Ice Ice Baby" ya Vanilla Ice? Besi ile ilikuwa ya Queen na David Bowie, "Under Pressure", ya mwaka 1981, na mwanzo hakuwataja. Baadaye ndipo majina yao yakaingizwa na malipo yakafanyika. Mwaka 1991, Dar es Salaam, Saleh J akachana Kiswahili juu ya mdundo huohuo, na mpaka leo wanaosimulia chimbuko la rap ya Kiswahili wanaanza na yeye. Na mwimbaji wa Queen ni nani? Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, Mji Mkongwe, 1946. Besi ya bendi ya mtoto wa Unguja ilikwenda Marekani bila jina, ikarudi Dar es Salaam ikavishwa Kiswahili. Hatukujua. Hakuna aliyetuambia, kwa sababu aliyechukua hakusema alikochukua.

Juu ya sheria nitapita haraka, maana mwanasheria atakuja kuzungumza nanyi kesho asubuhi. Mwaka huohuo wa 1991, mahakama ya New York ilimhukumu mchanaji Biz Markie kwa kuchukua kipande cha wimbo wa mwimbaji Gilbert O'Sullivan, na jaji akaianza hukumu yake kwa amri ya Biblia: Usiibe. Tangu hapo, kule, huwezi kutoa albamu kubwa bila ruhusa. Na ruhusa ni mbili, msichanganye. Moja ni ya aliyetunga wimbo. Nyingine ni ya mwenye ile rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa siku ile studio. Ukiuimba upya kwa mdomo wako unahitaji ya kwanza. Ukikata sauti yenyewe unahitaji zote mbili. Na sisi tunayo sheria ya hakimiliki, hii ya sasa ni ya mwaka 1999. Wajane wa wanamuziki wa zamani wapo mitaani kwetu, wanasikia sauti za waume zao kwenye matangazo ya simu.

Sasa nimalize deni langu mimi.

Miaka ya baadaye nilifungua studio chumba cha uani. Nilikuwa na kaseti ya nyumbani, baba mkubwa anapiga udi usiku, unasikia na mtoto analia kwa mbali. Nikachukua kipande kifupi, mapigo manne. Kilikuwa kitamu! Nikakizungusha, nikaweka ngoma na besi, kijana mmoja akachana juu yake, wimbo ukapigwa sana hapa mjini. Sikumwambia mzee. Nilijiambia ni wa nyumbani, atafurahi.

Akausikia harusini, Makorora. Asubuhi akaja studio, akakaa kwenye kile kiti cha plastiki, akasema, "Niwekee." Nikamwekea. Akasikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa vilevile kama mwaka 1999. Nikawa najiandaa kwa habari ya pesa. Hakutaja pesa. Akauchukua udi, akapiga kile kipande changu, mapigo manne, akanyamaza. Akasema: "Hili ni swali." Akapiga mengine manne, yakashuka taratibu mpaka yakatua. Akasema: "Hili ni jibu. Wewe umekata kabla sijajibu. Mwanangu, umeniuliza swali usiku kucha mbele ya watu, na hukunipa nafasi ya kujibu."

Vijana, nilikuwa nimeisikia kaseti ile mara ngapi? Mara mia? Sikuwahi kusikia kwamba kipande kile kinauliza. Nilisikia utamu tu. Hi-Tek na wale wawili waliisikiliza nyumba nzima ya Bronx, wakajua lipi ni swali na lipi ni jibu, lipi la kabla na lipi la baada. Mimi nilikaa nyumba moja na mwenye udi na sikujua.

Niliutoa wimbo ule redioni. Jina lake nikaliandika kwenye kila nakala iliyobaki, na pesa kidogo iliyokuwepo tukagawana. Lakini lile jibu sikuwahi kulirekodi. Kila mwaka nasema kesho. Yeye sasa ana miaka 81.

Fundi, maikrofoni moja ishushe, iweke usawa wa udi, si mdomo. Hapo hapo. Wa nyuma naomba simu zizimwe, tunarekodi. Baba mkubwa, mimi nitabonyeza kile kipande changu, mapigo manne, mara moja tu. Sitakizungusha. Kikikatika, ni zamu yako.